Mwendesha Baiskeli Aliyeishiwa Hamu Katikati ya Majira ya Baridi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa hiki kinamhusu mwanamume mmoja wa makamo ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akienda kazini kwa baiskeli, kilomita 11 kwenda na 11 kurudi, katika nchi ya kaskazini ambako mwezi wa Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa 8. Hakuwa mwanamichezo wa mashindano, wala hakuwa mgeni wa baridi. Majira ya baridi yaliyotangulia aliyapita bila kuiegesha baiskeli kwa zaidi ya siku mbili tatu mfululizo. Mwaka ninaouzungumzia aliacha. Hakuanguka, hakuugua, hakuibiwa, na hakuna mtu aliyemkataza. Ilipofika mwisho wa Januari baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye korido, tairi la nyuma likiwa limeanza kupungua upepo, naye akawa anapanda basi kila asubuhi huku akijilaumu kwa uvivu.

Niliyapitia mambo yake kwa ombi lake mwenyewe, kwa sharti kwamba asitambulike. Alinikabidhi daftari ambamo kwa muda mrefu alikuwa akiandika mistari michache kuhusu kila safari, pamoja na kumbukumbu za programu ya simu iliyokuwa ikirekodi umbali na kasi yake. Nilichokisoma humo hakikuafikiana na lawama aliyojitwika. Maoni yangu ni kwamba hamu yake ya kuendesha haikuisha. Kilichoisha ni subira ya kugharamia mambo madogo madogo yanayoitangulia safari na yanayoifuata, pamoja na subira ya kufanya uamuzi uleule upya kila asubuhi, gizani, kwa kutegemea taarifa ambazo hazikumfaa.

Hali ya hewa yenyewe

Asiyeendesha baiskeli hudhani kwamba adui mkubwa wa majira ya baridi ni theluji. Kwa kweli siku ya baridi kavu, kipimajoto kikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri na anga likiwa safi, ni siku njema: nguo hazilowi, matope yameganda, na mtu aliyepiga pedali kwa dakika kumi huwa amekwisha kupata joto. Ndiyo maana katika mji wa Oulu nchini Ufini, kwenye latitudo ya 65 kaskazini, wakubwa kwa wadogo huendesha katika miezi yote ya theluji kwenye njia zinazosafishwa na kushindiliwa vizuri, na kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu uendeshaji wa baiskeli wakati wa baridi lilifanyika huko mwaka 2013.

Hali ngumu zaidi iko juu kidogo ya sifuri, kati ya nyuzi 1 na 5, pale mvua inaponyesha maji badala ya theluji. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, kwa hiyo kidole kilicholowa kwenye nyuzi 3 huanza kuuma mapema kuliko kidole kikavu kwenye baridi ya chini ya sifuri. Mwendo wa baiskeli nao huzidisha baridi. Kwa kanuni ya kukadiria baridi ya upepo iliyoanza kutumiwa Kanada na Marekani mwaka 2001, nyuzi sifuri pamoja na upepo wa kilomita 20 kwa saa huhisiwa ngozini kama nyuzi 5 chini ya sifuri, na kilomita 20 kwa saa ndiyo kasi ya kawaida ya mtu anayewahi kazini hata siku ambayo jani halitikisiki.

Majira aliyoyapitia mhusika yalikuwa ya namna hiyo tangu mwanzo wa Novemba: mvua, manyunyu, theluji iliyochanganyika na maji, na upepo wa magharibi uliomkabili usoni kila asubuhi, kwa sababu kazini kwake kuko upande huo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayomkabili mtu. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 30 kwa saa hukutana na hewa ya kilomita 50 kwa saa, na ili asipunguze mwendo angehitaji kuishinda hewa hiyo kwa nguvu inayozidi mara sita ile ya siku tulivu. Hakuna mtu wa kawaida mwenye akiba hiyo miguuni. Anapunguza mwendo, anachelewa, na anafika amechoka. Upepo wa mgongoni jioni haurudishi muda wote uliopotea asubuhi, kwa kuwa sehemu ya polepole ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi, tena mara nyingi kufikia jioni upepo huwa umegeuka au umelala.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu mhusika alikuwa akisoma kwenye simu wastani wa kasi uliopungua wiki baada ya wiki, akauchukua kuwa ushahidi kwamba mwili wake unadhoofika. Alikuwa akijipima kwa vipimo vya Agosti. Hewa ya nyuzi sifuri ina uzito unaozidi ule wa hewa ya nyuzi 20 kwa takriban asilimia 7. Koti la mvua hushika upepo. Nguo nzito hubana magoti. Na giza humlazimisha mtu mwenye akili timamu kupunguza mwendo kwenye kona zenye majani yaliyolowa. Mtu mwenye nguvu zilezile za Agosti angekuwa na wastani mdogo vilevile. Lakini simu haielezi hayo. Inaonyesha mshale wa kuelekea chini, na mshale huo uonwao kila jioni na mtu aliyelowa hadi soksi una uzito wake.

Jinsi safari zilivyokatika

Katika daftari, siku ya kwanza isiyo na safari ilikuwa siku ya dhoruba, ambapo kulitolewa onyo rasmi na matawi ya miti yakaanguka barabarani. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na kesho yake alitoka kama kawaida. Mwishoni mwa Novemba alianza kuziacha asubuhi za mvua kubwa. Katikati ya Desemba mvua yoyote ilitosha. Baada ya mwaka mpya hakuhitaji tena mvua yenyewe, bali utabiri wa mvua, na mojawapo ya mistari ya mwisho kabla daftari halijaachwa tupu ina sababu ya neno moja tu: mawingu. Anayeusoma mfuatano huo kwa haraka ataona mtu anayelegea. Mimi nilivutwa na jambo jingine.

Katika majira hayo yote hakuna hata safari moja aliyoikatiza njiani. Kila alipovuka kizingiti cha mlango alifika, na pembeni ya safari nyingi za siku mbaya ameandika kwamba haikuwa mbaya kama alivyotarajia. Jumamosi chache zilizotokea kuwa kavu alitoka bila kusukumwa na mtu, akaenda mbali kuliko kazini. Aidha, asubuhi alizoziacha hakubaki kitandani: aliamka saa ileile na kusimama kituoni katika mvua ileile akingoja basi lililochelewa. Mvivu hafanyi hivyo. Nilipomwuliza juu ya hilo alinijibu kwa maneno ambayo kwangu yana thamani kuliko kumbukumbu zote za simu: “Ndugu yangu, njiani sina neno. Kazi ni kufika huko njiani.”

Kwa hiyo eneo la tatizo lilikuwa dogo na lenye mipaka inayoonekana. Lilianzia jioni, pale alipoingia nyumbani na vitu vilivyolowa, likaishia asubuhi mlangoni. Ushauri wowote uliohusu kilomita 11 zenyewe, kwa mfano jinsi ya kuvumilia mvua au jinsi ya kuzoea upepo, ungekuwa unatibu mahali pasipouma.

Gharama zilizo kando ya safari

Nilimwomba anieleze jioni moja na asubuhi inayofuata, kitu kimoja baada ya kingine, bila kuruka. Alipofika kwenye glavu alisita, akacheka, kisha akaeleza kirefu kuliko nilivyotarajia. Alikuwa na jozi moja ya glavu nene zenye bitana ya manyoya ndani. Zikilowa, bitana hunata kwenye vidole na kutoka pamoja navyo mkono unapovuliwa, na haikubali kurudishwa mpaka ikauke. Aliziweka usiku juu ya kipasha joto. Asubuhi upande wa nje ulikuwa mkavu na wenye uvuguvugu, lakini ndani kulikuwa na unyevu baridi, na ncha za bitana zilikuwa zimejikunja na kuwa donge ndani ya kila kidole, kiasi kwamba ilimbidi asukume kidole kimoja kimoja, akivuta kwa meno upande wa kiganja, huku akiwa amesimama koridoni na helmeti kichwani, mwili haujapata joto la kazi yoyote. Nina hakika kwamba safari nyingi za Januari zilikufa hapo. Mtu anaweza kukubali kulowa akiwa njiani. Kuvaa kitu kilicholowa kabla hata hajatoka ni jambo jingine kabisa.

Vitu vingine vilikuwa na tabia hiyo hiyo. Madigadi ya mbele yalikuwa mafupi, hivyo maji ya tairi yalirushwa moja kwa moja kwenye viatu, na viatu havikukauka kwa usiku mmoja. Chumvi inayomwagwa barabarani kuzuia barafu iliula mnyororo, ambao ulihitaji kufutwa na kutiwa oili kila baada ya safari moja au mbili, la sivyo ulilia njia nzima. Taa zilikuwa za kuchajiwa, na betri hupungukiwa nguvu mapema kwenye baridi, kwa hiyo mara kadhaa alikuta taa ya nyuma imezimika dakika ya mwisho. Nguo za kubadilisha kazini zilipaswa kufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Tulipojumlisha, maandalizi ya asubuhi na usafi wa jioni vilichukua muda unaozidi safari yenyewe ya upande mmoja. Wakati wa kiangazi gharama hiyo yote huwa ni kuchukua ufunguo na kutoka.

Hakuna kimojawapo kati ya hivyo kinachostahili kuitwa shida kubwa, na ndiyo sababu mhusika hakuwahi kukihesabu. Aliona aibu kukiri kwamba mtu mzima ameshindwa na glavu. Aibu hiyo ilimfanya atafute sababu yenye hadhi zaidi, akaipata katika tabia yake mwenyewe: kwamba amekuwa mvivu, kwamba umri umemfikia. Maelezo ya namna hiyo yana ubaya wa pekee, kwa sababu hayaachi kitu cha kutengenezwa. Madigadi mafupi hubadilishwa kwa nusu saa. Mtu aliyeamini kwamba amelegea ataanzia wapi?

Utabiri unaosomwa kitandani

Jambo la pili lilikuwa simu. Kila usiku kabla ya kulala, na tena kabla ya kunyanyua kichwa kwenye mto, alitazama utabiri wa siku nzima: picha ya wingu lenye matone, na asilimia pembeni. Asilimia 60 ya mvua ina maana kwamba katika siku kumi za aina hiyo, sita hupata mvua wakati fulani katika kipindi kinachotajwa. Haimaanishi kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 60 ya muda, wala haielezi ukubwa wake. Hata Uholanzi, nchi ya baiskeli ambayo watu huisifu kwa mvua kama wanavyoisifu kwa mifereji, mvua hunyesha kwa chini ya asilimia 10 ya muda wote wa mwaka. Majira ya mhusika yalikuwa na mvua kupita kiasi hicho, na sitaki kuyapunguzia ubaya. Hata hivyo, kwa mujibu wa daftari lake mwenyewe, sehemu kubwa ya safari za siku zilizotabiriwa mvua zilipita kwenye barabara iliyolowa chini ya anga lisilonyesha. Safari ni ya dakika thelathini na kitu, utabiri ni wa saa kumi na mbili, na yeye aliyachukulia mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja.

Kuna pia udhaifu wa kibinadamu ambao wanasaikolojia Daniel Gilbert na Timothy Wilson wameuchunguza kwa miaka mingi, yaani jinsi watu wanavyokosea kukadiria watakavyojisikia baadaye. Mfano ulio karibu na kisa chetu ni utafiti wa Elizabeth Nisbet na John Zelenski uliochapishwa mwaka 2011, ambapo watu katika Chuo Kikuu cha Carleton mjini Ottawa walitembea ama nje kwenye miti au ndani ya mahandaki yanayounganisha majengo. Waliotembea nje walifurahia kuliko watu walivyokadiria kabla ya kutoka. Huo ulikuwa utafiti wa matembezi, wala sidai kwamba unathibitisha chochote kuhusu mvua ya nyuzi 3 usoni. Lakini daftari la mhusika lilikuwa limekwisha kumwambia jambo lilelile kwa mwandiko wake, naye hakulisoma, kwa kuwa mtu huandika daftari jioni akiwa na joto, na huamua asubuhi akiwa hana.

Mfululizo na shabaha ya mwaka

Programu ya simu ilimhesabia wiki zisizokatika na kumwonyesha kilomita zilizobaki kufikia lengo la mwaka. Wakati wa kiangazi hesabu hiyo ilimchangamsha. Ilipokatika mwezi wa Desemba kwa sababu ya homa ya mtoto, isiyohusiana na hali ya hewa hata kidogo, ndipo safari zilipoporomoka kwa kasi zaidi. Alieleza kwamba hakuona tena maana ya kutoka, kwa kuwa mfululizo ulikuwa umeharibika tayari. Sentensi hiyo ya kawaida inasema mengi: kilichokuwa kikimtoa nyumbani katika wiki za mwisho hakikuwa tena baiskeli bali ile hesabu. Mark Lepper na wenzake walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wadogo waliopenda kuchora, wakiahidiwa tuzo kwa kuchora, baadaye huchora kidogo kwa hiari yao kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mtu mzima hana kinga dhidi ya hilo. Na kuhusu mfululizo, uchunguzi wa Phillippa Lally na wenzake jijini London, uliofuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, uliona kwamba kukosa nafasi moja hakuharibu kwa kiasi cha kuonekana ujenzi wa mazoea hayo, ambayo kwa wastani yalihitaji siku 66, wengine zikiwatosha 18 na wengine wakihitaji hata 254. Pengo la siku moja ni pengo la siku moja. Programu ndiyo inayolifanya kuwa kurudi sifuri.

Hapa niseme neno kuhusu visa vya mashujaa, kwa sababu mhusika alikuwa amevisoma vingi na marafiki walikuwa wakimtumia vingine kwa nia ya kumtia moyo. Mfaransa Bernard Hinault alishinda Liège–Bastogne–Liège, mbio za siku moja za Ubelgiji, mwaka 1980 katika theluji, wakati waliomaliza walikuwa 21 tu, na inasimuliwa daima kwamba vidole vyake viwili havikurudi kuwa kama zamani. Sioni faraja gani anaipata mtu anayetaka kufika kazini akiwa na vidole kumi vinavyofanya kazi. Kisa chenye manufaa zaidi ni cha mlima Gavia katika Giro d'Italia, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuzunguka Italia, tarehe 5 Juni 1988. Johan van der Velde alivuka kilele akiwa wa mbele, amevaa nguo nyepesi za mikono mifupi ndani ya theluji, kisha baridi ya mteremko ikamwangusha kiasi cha kupoteza zaidi ya nusu saa. Andy Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imenunua mavazi ya baridi na glavu nzito mapema, alichukua jezi ya waridi ya anayeongoza siku hiyo na hatimaye akashinda mashindano yote. Wanaosimulia hupenda kutaja ushujaa. Mimi naona duka la vifaa vya theluji kabla ya mlima. Tena hata huo ulikuwa mtihani wa siku moja, wenye watazamaji na tuzo. Mhusika wetu alikuwa na miezi mitatu ya Jumatatu.

Swali ambalo halikupaswa kurukwa

Kabla ya kubadilisha chochote nilimwuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, na mambo mengine aliyokuwa akiyapenda. Huzuni inayorudi kila majira ya giza ni maradhi yanayotambulika kitabibu tangu Norman Rosenthal na wenzake walipoyaeleza mwaka 1984, na dalili yake mojawapo ni kupoteza raha katika vitu vyote, si katika baiskeli peke yake. Angekuwa hivyo, suala lingekuwa la daktari. Tiba ya mwanga, kwa kawaida taa ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa takriban dakika 30 asubuhi, hutumiwa kwa hali hiyo, na haifai mtu kujipangia mwenyewe ikiwa dalili ni nzito. Yeye hakuwa na dalili hizo: alilala vizuri, alicheka, na Jumamosi kavu alizitamani.

Hata hivyo, swali hilo lilifichua jambo ambalo sote wawili hatukulitazamia. Tangu saa za nchi hiyo ziliporudishwa nyuma mwezi Oktoba, kama ilivyo desturi ya huko kila mwaka, alikuwa akitoka gizani na kurudi gizani. Siku ya mawingu mazito, nje adhuhuri huwa na mwanga wa zaidi ya laksi 1,000, ilhali ofisi ya kawaida ina mia chache tu. Safari zake mbili za siku zilikuwa zimebeba mvua na upepo wote wa majira hayo, lakini zikakosa hata kile kidogo kizuri kilichokuwa kikipatikana nje, yaani mchana wenyewe.

Kilichobadilishwa

Tulianza na glavu, kwa makusudi, kabla ya kuzungumzia nia au malengo. Alinunua jozi mbili za glavu nyembamba zaidi zisizo na bitana inayotoka, akawa anazibadilishana, ili asubuhi asivae kamwe kitu kilicholowa jana. Viatu vilijazwa karatasi za magazeti mara tu avivuapo, na jozi ya pili ya zamani ikafufuliwa. Madigadi yalirefushwa kwa kipande cha mpira kinachoning'inia karibu na ardhi. Taa za kuchajiwa zilibaki kuwa akiba, na gurudumu la mbele likawekwa lenye dinamo, gharama iliyouma lakini iliyoondoa kabisa jambo moja la kukumbuka. Mnyororo ulifutwa kwa kitambaa kilichotundikwa palepale ukutani, kwa muda wa dakika moja, bila kudai usafi wa dukani.

Baada ya hapo uamuzi wa asubuhi ulihamishwa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala ya mwaka 1999, alieleza jinsi mpango wa namna ya “likitokea hili, nitafanya lile” unavyomsaidia mtu kutenda bila kubishana na nafsi yake. Mhusika aliandika kanuni yake kwenye kadi na kuibandika mlangoni kwa ndani: kukiwa na onyo la barafu, au kukitabiriwa upepo wa ghafla unaozidi kilomita 60 kwa saa, atapanda basi na hatajilaumu, vinginevyo atatoka. Mvua haikutajwa kabisa. Simu ilihamishiwa jikoni usiku, na utabiri ukasomwa mara moja tu, jioni, kwa ajili ya mambo hayo mawili. Nilisisitiza kwamba kigezo cha barafu kisichezewe, kwa sababu barafu nyembamba isiyoonekana hutokea hata hewa ikiwa nyuzi 2 au 3, hasa juu ya madaraja, na hakuna nia njema inayoongeza msuguano wa tairi.

Siku mbili za kila wiki alipanga kutoendesha tangu mwanzo, jambo ambalo alilipinga sana kwa kuona kwamba ni kushindwa kulikovalishwa suti. Siku nyingine aliweza kuchelewa kidogo kuingia kazini na kutoka baada ya jua kuchomoza. Wastani wa kasi ulifichwa kwenye programu mpaka Aprili.

Rafiki zake walimshauri anunue tairi zenye misumari ya chuma, na walishangaa nilipomzuia. Tairi hizo ni kinga halisi kwenye barafu, na kwa anayeishi kwenye barafu ni za lazima. Kwenye lami iliyolowa ya nyuzi 4 ni uzito na kelele tu, na fedha yake ilihitajika kwenye dinamo.

Matokeo

Wiki ya kwanza ya Februari alitoka siku zote tatu alizopanga, moja ikiwa ya mvua iliyomwingia hadi shingoni. Hadi mwisho wa Machi alikuwa akitoka siku tatu katika wiki nyingi, mbili katika nyingine, na wiki moja hakutoka kabisa kwa sababu ya barafu. Kilomita zake za mwaka zilipungua kuliko za mwaka uliotangulia, na lengo halikufikiwa. Jaribio moja lilishindwa waziwazi: alipatana na mfanyakazi mwenzake wakutane njiapanda kila Jumanne, na mpango ukafa mara mwenzake alipoanza kuahirisha, ukiacha nyuma asubuhi mbili za kusimama mvuani akingoja. Nadhani mwenza wa safari hufaa pale anapopita mlangoni. Akiwa njiapanda huongeza tu jambo jingine la kutilia shaka kabla ya kutoka.

Inawezekana kusema kwamba alirudi kwa sababu siku zilikuwa zinarefuka, na sina namna ya kuliondoa jambo hilo, kwa kuwa kisa kimoja hakina cha kulinganishwa nacho. Ninachoweza kukitaja ni kwamba nusu ya kwanza ya Februari ilikuwa na mvua na upepo sawa na Januari, na kwamba maneno katika daftari yalibadilika kabla ya mwanga kubadilika: malalamiko kuhusu kujiandaa yakatoweka, yakabaki ya upepo. Upepo aliuchukia hadi mwisho.

Kisa hiki hakimsaidii sana mtu asiye na basi la kukimbilia, wala anayesukumwa na magari makubwa kwenye barabara isiyo na njia ya baiskeli, ambaye hofu yake si ya kupuuzwa kwa jina la hamu. Kwa mhusika mwenyewe, kazi iliyobaki ni ya Septemba: kufunga madigadi marefu, kukagua waya wa dinamo na kuitoa kabatini jozi ya pili ya glavu wakati ambapo bado kuna jua la kutosha kuifanya kazi hiyo ionekane ya mapema mno.